Hadubini Arobaini za Siku Moja

Mke wangu hakuiba. Hilo ndilo nililonalo la kusema. Mengine yote ni njia ya kulifikia.

Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika maabara ya chuo kikuu cha binafsi, kile chenye geti la nguzo nne. Aliingia akiwa mfagiaji. Alitoka akiwa mwizi, kwa mujibu wa karatasi waliyoibandika. Katikati hapo alikuwa Mama Hadubini. Wanafunzi ndio waliompa jina hilo, nami nikawa namwita hivyo nyumbani nikitaka kumchokoza.

Mimi ni seremala. Shule sikukanyaga. Kusoma alinifundisha yeye, jikoni, kwa chupa tupu za maabara zenye karatasi ubavuni. Neno la kwanza kulisoma peke yangu lilikuwa SUMU. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Sasa hata ukinywa, mume wangu, utakufa unajua."

Chuo nilikijua kabla yake. Mkuu wa kwanza, mzee aliyekianzisha, aliniita nitengeneze meza za maabara. Meza kumi za mbao ngumu. Alikuwa akija jioni, anapitisha kiganja juu ya ubao. "Fundi, itabeba?" Nikapanda juu, nikarukaruka. Akanilipa siku ile ile.

Geti lilikuwa la bati wakati huo. Lakini ndani ya maabara mlikuwa na hadubini thelathini, mpya, kila moja na mfuko wake. Yule mzee alikuwa na neno lake. Alisema ada ya mtoto wa watu lazima mtoto mwenyewe aione mezani kwake, kwa macho yake.

Hadubini ni chombo cha kutazamia kidogo kisichoonekana. Wale wanaosomea kupima damu humtafuta mdudu wa malaria humo. Asiyemjua mdudu huyo kwa jicho lake atakuja kumwambia mgonjwa yu mzima, na mgonjwa atakwenda kufa nyumbani. Haya alinieleza mke wangu. Yeye naye alielezwa na mzee yule, wakiwa wamesimama, yeye ameshika ufagio.

Alimwachisha ufagio mwaka huo huo. Akampa funguo.

Lenzi zina maadui wawili. Wa kwanza ni mafuta. Kuna tone la mafuta wanalotia wakitazama damu. Likikaukia kwenye lenzi, lenzi imekwisha. Mke wangu alifuta kwa vipande vya fulana zangu kuukuu, zilizofuliwa mpaka zimelainika. Nilikuwa nikitafuta fulana, siioni.

"Iko chuoni," ananiambia. "Inasoma."

Adui wa pili ni unyevu. Lenzi ikikaa penye unyevu huota ukungu ndani, kama utando wa buibui, na huwezi kuufuta kwa sababu uko ndani ya kioo. Kwa hiyo nilitengeneza kabati kubwa lenye milango inayofunga sawasawa, na ndani yake balbu moja ndogo, wati ishirini na tano, inayowaka usiku na mchana. Joto lile dogo lilitosha. Miaka minane hadubini thelathini zilibaki thelathini.

Alikuwa na desturi yake. Akishaifuta hadubini, akatazama kwa jicho lake akaona iko safi, aliifunga uzi mwekundu kwenye shingo. Isiyo na uzi haiguswi. Fundo nilimfundisha mimi. Ni fundo la kufungia mbao juu ya gari, lina mazunguko mawili na kitanzi kinachorudi chini. Ukilitikisa linazidi kukaza. Kwa mji mzima sijui mwingine anayelifunga hivyo.

Mzee akafa. Wanawe hawakutaka shida ya chuo, walitaka faida ya chuo. Wakamleta mkurugenzi wa fedha.

Jina lake silitaji. Chuo kizima walimwita Bwana Mwakani. Walimu wakiuliza mshahara wa miezi mitatu, mwakani. Dawa za maabara, mwakani. Vitabu, mwakani. Lakini geti lilijengwa mwaka ule ule. Nguzo nne, marumaru, na taa ishirini na nne. Nilizihesabu saa sita mchana, jua la utosi, zote zinawaka. Kisha ukumbi wa vioo. Kisha tawi katika mji mwingine, kabla hili lenyewe halijapata shina. La kuvunda halina ubani, lakini yeye alileta ubani kwa magari.

Fundi anayaelewa haya bila shahada. Nimewaona watu wakipaka vanishi meza yenye mguu uliooza. Inang'aa. Anaivutia kiti mgeni, anaegemea, anaanguka.

Siku ya balbu nilikuwepo. Nilikwenda kubadilisha bawaba ya lile kabati. Akaingia na vijana wawili wa ofisini kwake, karatasi mkononi, wanahesabu taa.

"Na hii ya nini?" akauliza, mlango wa kabati uko wazi. "Vyombo vyenu vinaogopa giza?"

Vijana wakacheka. Walilipwa kucheka, naona hao walilipwa kila mwezi.

"Haviogopi giza, bosi," mke wangu akasema. "Vinaogopa unyevu. Balbu ikizimwa masika haya, vitaota ukungu."

"Mama, wewe una cheo gani hapa?"

"Mimi ndiye ninayevifuta."

"Basi endelea kufuta."

Akaifungua balbu yeye mwenyewe. Ilikuwa ya moto, akaishika kwa leso. Akaitia mfuko wa koti. Mtu mwenye dereva, ametia mfukoni balbu ya wati ishirini na tano, akaandika kwenye karatasi yake kwamba ameokoa.

Mke wangu alimfuata hadi ngazini. Nikamsikia. "Bosi, nitainunua mimi. Nitalipa na umeme wake, mnikate." Jioni wakazima umeme wa jengo lote la maabara kuanzia saa kumi, ndiyo ikawa desturi.

Masika mawili. Akaja nyumbani akakaa na viatu vyake miguuni.

"Ngapi?" nikamuuliza.

"Ishirini na nne zimekufa."

Sita aliziokoa kwa mchele. Alikaanga mchele mkavu bila maji, akaushona ndani ya vifuko, akavipanga ndani ya sanduku pamoja na zile sita, akalifunika kwa plastiki. Mchele ulikuwa wetu. Kila wiki akiurudisha nyumbani kuukausha upya. Binti yetu, ambaye ni mshonaji, ndiye aliyevishona vile vifuko. Akawa anamtania, "Mama, chuo kikuu kinakula kwetu."

Wanafunzi walipokuwa arobaini hadubini zilikuwa thelathini. Sasa hadubini ni sita na wanafunzi mia tatu, kwa sababu Bwana Mwakani alifungua mlango kwa kila mwenye ada. Mke wangu alining'iniza saa ukutani akawagawia dakika nne nne. Mtoto anainama, anatafuta, mdudu hamuoni, dakika zimekwisha, apishe mwenzake. Wengine walimaliza muhula mzima bila kumwona. Kulikuwa na msichana mmoja ambaye mama yake aliuza cherehani ili alipe ada. Huyo mke wangu alimwachia funguo za mlango wa nyuma awe anaingia saa ya chakula. Hilo ni kosa. Alilifanya. Naliandika.

Walimu nao walikuwa wakifundisha vyuo vitatu ili wapate mlo mmoja. Wanaingia na pikipiki inawasubiri nje, injini haijazimwa.

Ukaja mtihani wa baraza, ule wa nje, unaokupa ruhusa ya kupima watu. Walikaa mia moja na kumi na wanane. Walifaulu ishirini na mmoja. Bwana Mwakani aliwaita ukumbini kwenye vioo vyake, akawaambia kizazi hiki ni kivivu.

Kisha wakaguzi wakatoa taarifa kwamba watakuja kutazama maabara.

Siku mbili kabla, asubuhi, lori likarudi nyuma mpaka mlangoni pa maabara. Mke wangu alinitumia mtu, niende na nyundo, kuna sanduku limevunjika kifuniko. Nilikuta masanduku manne ya mbao yaliyojaa hadubini. Arobaini. Nzuri, nzito.

Mke wangu alikuwa amesimama kama mtu aliyeletewa wajukuu.

"Tumenunua?" akamuuliza dereva.

"Mama, mimi ni dereva tu. Jana zilikuwa chuo kingine. Kesho kutwa zinakwenda kingine. Hizi zinatembea kuliko mgombea wa uchaguzi."

Nikamtazama. Uso wa mke wangu ulishuka. Nikamwambia, "Achana nazo. Zipange, zisimame, ziondoke."

Angeweza kuachana nazo. Lakini aliinua moja akaitazama kwenye mwanga. Lenzi ilikuwa na mafuta yaliyokauka.

"Nani kaifanyia hivi?" akasema. "Nani kaifanyia hivi?"

Akavua saa yake, akakunja mikono ya gauni. Alizifuta zote arobaini. Mimi nilitengeneza kile kifuniko. Sikuwa na mbao, nikarudi nyumbani nikakata kipande cha kichwa cha kitanda chetu cha zamani, kilichokuwa kimeegemea ukuta wa nyuma, chenye matundu mawili ya misumari ya chandarua. Nikakipigilia katikati. Nilipomaliza alikuwa amefika ya mwisho, akachukua uzi mwekundu.

Hapo ndipo ningesema neno. Sikusema. Nilichukua patasi nikamkatia nyuzi, moja moja, arobaini, naye akafunga. Mkono ulishazoea. Sote wawili hatukufikiri kwamba uzi ni ulimi.

Wakaguzi wakaja, wanne. Kiongozi wao mama mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alipita kila meza. Akashika uzi.

"Huu ni wa nini, mama?"

"Kwamba nimeifuta na nimeitazama mwenyewe."

"Na fundo hili mbona la ajabu?"

"La mume wangu. Ni la mbao. Halilegei."

Mama mkaguzi akatabasamu, akaandika. Bwana Mwakani alikuwa nyuma yake anasugua mikono. Saa tisa wageni wakaondoka. Saa kumi lori likaja kuzichukua.

Siku ya kumi wakaguzi wakarudi, bila taarifa. Mama mkaguzi alibeba begi. Akaliweka juu ya meza niliyoitengeneza mimi, akatoa hadubini moja yenye uzi mwekundu shingoni.

Mke wangu alinisimulia usiku wake, na akarudia kunisimulia mpaka anakufa, kwa hiyo najua kila neno.

"Mama, hii unaijua?"

Angeweza kusema haijui. Akaishika. "Naijua. Nimeifuta mimi."

"Nimeitoa leo kwenye chuo kingine. Ziko thelathini na tisa nyingine huko, zote zimefungwa hivi. Zile zenu arobaini ziko wapi?"

Mke wangu akamtazama Bwana Mwakani. Alimtazama kama mtu anayemsubiri mwenziwe aseme kwanza, kwa adabu tu, maana yeye ndiye bosi.

Bwana Mwakani akasema, "Hilo ndilo tunalolichunguza, mheshimiwa. Tumeibiwa. Na funguo anazo yeye." Mke wangu akataja lori; akaulizwa hati yake, naye hati hakuwa nayo, na chuo kile kingine kiliapa kwamba kilizinunua kwa mtu.

Kesho yake karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo pale mapokezi. Ubao huo niliutengeneza mimi. Picha yake, ile ya kitambulisho, na chini yake: amesimamishwa kazi kwa wizi wa hadubini arobaini. Wakaguzi wakafunga kozi ya maabara, asiingie mwanafunzi mpya na hawa waliopo wasifanye mtihani, hadi vifaa vipatikane. Wanafunzi mia tatu wakarudi makwao. Walimlaani nani? Walimlaani aliyekuwa kwenye picha.

Mlinzi wa geti ni mtani wangu. Alinijia nyumbani siku ile, kofia mkononi.

"Arobaini, mzee! Mimi nikitoka na mkate wananipekua. Yeye kazipitishaje, alizivaa kama shanga?"

"Kawaambie wao."

"Nina watoto watano, mzee."

Sikumlaumu. Nilimlaumu, lakini nilimpa chai.

Mke wangu alirudi na aproni yake na mkasi na kibunda cha uzi. Hakutoka tena nje ila kwenda kliniki. Sokoni alimtuma binti. Presha ikapanda, ikakataa kushuka. Usiku akawa anashtuka: "Kabati limefungwa?" Namwambia limefungwa. Analala.

Siku ya mwisho alikuwa na akili zake. Akaniambia, "Ile karatasi ikitoka pale, uniambie."

Nikamwambia nitakuambia.

Akafa Jumanne, mwezi wa saba tangu picha ile. Tumekaa pamoja miaka arobaini na mitatu. Sitaandika zaidi hapo.

Arobaini ilipopita nikaenda chuoni na binti. Kwanza nikatazama ubaoni. Jua lilikuwa limeifubaza picha, lakini ipo.

Mapokezi wakaniambia njoo wiki ijayo. Nikaja. Wakaniambia faili linatafutwa. Nikaja tena. Mara ya nne nikakaa chini sakafuni, nikatoa msasa mfukoni nikaanza kusugua ukingo wa ubao wao uliochubuka. Nikaitwa ndani.

Ofisi ya Bwana Mwakani ni baridi kama chumba cha maiti. Alikuwa na karatasi tayari, na bahasha nene juu yake, na kikopo cha wino wa dole gumba pembeni.

"Pole sana, mzee wangu. Mama alikuwa mtu wetu. Chuo kimeona kiwape rambirambi. Weka dole hapa, ni taratibu tu."

Alijua sikusoma shule. Mtu wake alikuwa ameuliza.

Nikaivuta ile karatasi. Nikaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mzee, nitakusomea."

"Baba anasoma," binti akasema. "Anasoma polepole. Msubiri."

Alisubiri. Simu yake ilikuwa inalia, hakuishika. Nilifika katikati. Nikarudia kwa sauti. "Marehemu alikiri upotevu wa vifaa." Nikamtazama. "Alikiri lini?"

"Hiyo ni lugha ya kisheria, mzee."

"Mimi nilijifunza lugha ya chupa. Hii imeandikwa sumu."

"Tusimseme vibaya marehemu. Tuyamalize."

"Ulipomsema vibaya alikuwa hai."

Akasogeza bahasha kidogo upande wangu, kwa kucha. Nikainuka. Goti likagoma, binti akanishika. Nilitaka kumpiga. Nina miaka sabini na minne na nilitaka kumpiga, na nyundo ilikuwa kwenye mfuko.

Nje binti alinishika mkono hadi barabarani. Kisha akasema, "Baba, bahasha ile ingemjengea mama kaburi zuri."

"Tuandike nini juu yake?"

Akalia hapo hapo, watu wanapita. Alipomaliza akajifuta kwa kanga. "Basi tufanye nini?"

Sikuwa najua. Mlinzi wa geti ndiye aliyejua. Alikuja kwangu Jumapili, hakukaa.

"Alhamisi wakaguzi wanakuja ukumbini. Bosi anaomba kozi ifunguliwe. Kasema vifaa vimepatikana. Na mzee, mimi Alhamisi macho yananiuma. Sioni anayeingia."

"Na watoto watano?"

"Watakuwa na baba asiyeona. Si kifo."

Tukaingia mimi na binti, tukakaa kiti cha nyuma. Ukumbi wa vioo ni joto, lazima wawashe mashine za baridi. Mbele kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe kinachogusa sakafu, na juu yake hadubini ishirini zinang'aa. Mama mkaguzi alikaa mbele na wenzake watatu. Bwana Mwakani alisimama na fimbo ya kuelekezea ukutani, kuna picha za michoro zinapanda juu. Mapato yamepanda. Wanafunzi wamepanda. Tawi la pili. Tawi la tatu, mwakani. Akafika kwenye maabara.

"Kama mnavyojua, tulipata pigo la wizi kutoka kwa mtumishi wetu, ambaye sasa ni marehemu. Tumejikaza, tumenunua upya."

Binti aliniminya mkono. Nilidhani ni kwa lile neno. Siyo. Alikuwa anatazama chini ya meza. Kitambaa kilikuwa kimejivuta upande mmoja, na nyuma yake kulionekana kona ya sanduku la mbao.

"Baba," akanong'ona. "Kitanda chetu."

Nikasimama. Watu wakageuka.

"Mzee, utakaribishwa baadaye," Bwana Mwakani akasema. Kisha akanitambua.

Sikungoja kukaribishwa. Nilitembea mpaka mbele, nikamwamkia mama mkaguzi, nikasema mimi ndiye mume wa mama wa uzi mwekundu. Akavaa miwani.

"Yule wa fundo?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kutazama kazi yangu."

Nikainua kitambaa. Sikuweza kuinama sana, binti ndiye aliyevuta sanduku. Kifuniko kilikuwa cha mbao nyeupe, hafifu, ila ubao wa katikati ulikuwa mwekundu, mzito, na matundu mawili.

"Sanduku hili lilikuja hapa na lori, pamoja na zile arobaini, siku mbili kabla hamjaja. Kifuniko kilikuwa kimevunjika, nikakitengeneza hapo mlangoni pa maabara. Ubao huo ni wa kitanda changu. Matundu hayo ni ya chandarua. Kipande kilichobaki kiko nyumbani, tutakileta, mvilinganishe."

"Mzee anachanganyikiwa kwa msiba," Bwana Mwakani akasema. "Tumwonee huruma."

"Huruma yako iko ndani ya bahasha, niliikuta," nikasema. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. "Nina swali moja tu. Kama mke wangu aliziiba, sanduku lake limerudije kwako?"

Mama mkaguzi aliinua hadubini moja juu ya meza, akaigeuza, akatazama shingoni. Akaiweka, akachukua nyingine. Ya tano alisimama nayo. Katika bawaba ya shingo kulikuwa na kipande cha uzi mwekundu, kifupi kama kope, kilichonaswa mkasi ulipopita. Lile fundo huwezi kulifungua, lazima ulikate.

"Naomba risiti ya kununulia hizi," akasema mama mkaguzi.

"Iko uhasibu."

"Iletwe."

"Mwenye funguo ametoka."

"Huku kwenu," mama mkaguzi akasema, "funguo huwa zina kazi nyingi."

Risiti haikuja. Ilikuja hati ya kukodi, baada ya saa mbili, imeletwa na mmoja wa wale vijana wa kucheka. Mama mkaguzi aliisoma, akaisukuma mbele ya Bwana Mwakani, akamwambia aandike barua, hapo hapo, kwa mkono wake. Alipouliza aandike nini nikamwambia mimi. Hakuiba. Hakupoteza. Vifaa vilikuwa vya kukodi, na wewe ulijua. Akaandika. Wakagonga muhuri.

"Tutaibandika wiki ijayo," akasema.

Nilichukua barua nikaenda mapokezi. Nikaing'oa ile picha kwanza, nikampa binti. Nikaipachika barua palepale, nikatoa nyundo na misumari. Niliweka kumi na miwili, ya inchi nne, nikaipiga mpaka vichwa vikazama ndani ya mbao. Msichana wa mapokezi akaziba masikio. Ubao huo ni wa mti mgumu, naujua. Wakitaka kuitoa barua ile wakate ukuta.

Mlinzi wa geti alikuwa amekuja kutazama, macho yake mazima kabisa. "Mzee, hiyo haitoki."

"Ndiyo kazi."

Bwana Mwakani hawakumfukuza. Walimhamishia tawi la pili. Naambiwa huko ameanza na geti. Kozi bado imefungwa. Wale mia tatu wamekwisha lipa, na hakuna aliyewarudishia hata ya nauli. Yule msichana wa mama mwenye cherehani yuko kwa binti yangu, anatia vifungo kwenye mashati. Ana jicho zuri. Angemwona mdudu.

Kabla ya kutoka siku ile nilipanda hadi maabara. Mlango ulikuwa wazi, ndani hamna mtu. Nikafungua kabati langu. Milango bado inafunga sawasawa. Nikapapasa juu, pale pa kuwekea balbu, kidole kikatoka na kutu.

Nikapita makaburini. Nikamwambia karatasi imetoka. Ya balbu sikumwambia.